Maswali ya baiskeli: kutu inayoonekana na isiyoonekana

Mvua zimekolea Mtwara na karibu maswali yote niliyopata yanahusu kutu.

Shikamoo fundi. Nachukua samaki Mikindani nauza mjini kwa baiskeli. Fremu imetoka vipele chini ya rangi. Nipake rangi nyingine juu?

Marahaba. Usipake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inavimba na kubanduka. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya uvivu huo: nikapiga nyeusi, ikameta, mwezi wa pili vipele vikarudi pale pale.

Anza kwa kuosha fremu na sabuni na maji matamu, si ya kisima chenye chumvi. Ukiwahi msasa kabla ya kuosha, unaisugulia chumvi ndani ya chuma. Kisha brashi ya waya, msasa namba 80 mpaka chuma king'ae, malizia na 120. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa rangi ya zamani. Ukikwama, endelea kusugua. Futa kwa kitambaa chenye thina na usishike tena kwa kiganja, maana jasho nalo lina chumvi. Siku hiyo hiyo paka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) nyepesi, mara mbili, ndipo rangi. Anza saa nne asubuhi, unyevu ukishakauka.

Na lile tenga: maji ya barafu na samaki yanadondokea keria na fremu. Tandika nailoni chini yake.

Nimeambiwa siki inaondoa kutu. Niimwagie fremu yote? (Nachingwea)

Siki ni ya vitu vidogo: nati, boliti, spana. Loweka usiku kucha, sugua, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, paka mafuta papo hapo. Ukichelewa chuma kinageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Kwenye fremu siki inapenya kwenye maungio, na kuitoa humo ni kazi.

Usukani wa kromu umeingia madoa.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ichovye majini, sugua. Karatasi hiyo ni alumini, laini kuliko kromu, haikwaruzi. Vishimo vitabaki.

Fundi, paipu ya siti imeganda, na nikiinamisha baiskeli nasikia kama mchanga ndani ya fremu. Ni ya kubebea korosho. (Tandahimba)

Hili ndilo swali lililonishtua. Mchanga huo ni kutu. Maji yanaingilia juu, kwenye mwanya wa siti, yanashuka hadi kwenye gololi za pedeli na kutuama humo.

Legeza boliti ya siti, fungua ekseli ya pedeli, pindua baiskeli miguu juu. Mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la ekseli, ambalo sasa liko juu, yaifikie paipu. Yaache siku mbili. Kisha zungusha siti kushoto na kulia huku mwenzako akigonga kwa nyundo ya mti. Usivute tu.

Ikitoka, gonga mabomba kwa mpini wa bisibisi, juu hadi chini. Mlio mkali ni dalili nzuri. Mlio ukizima, bonyeza hapo kwa ncha ya msumari. Ukizama, fremu hiyo isibebe gunia wala mtu. Mchomeleaji ataziba tundu, lakini chuma kilichobaki ni chembamba na kitapasuka pembeni ya kiraka, pengine ukiwa mteremkoni.

Ikiwa nzima, kung'uta kutu yote, zungushia oili ndani, na angalia chini kabisa ya boksi la pedeli, pale ekseli inapokaa. Fremu nyingi zina tundu la kutolea maji hapo, limezibwa na tope. Lizibue kwa waya. Paipu ya siti irudi na grisi.

Oili chafu ya gereji je, nipake fremu?

Inanasa vumbi na kuharibu suruali. Rangi inatosha.