Wasomaji Wauliza: Kutoka Pwani Hadi Mbamba Bay

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: safari ya kwenda Ziwa Nyasa. Tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Shangani, Mtwara. Bahari tumeizoea. Likizo ya Juni tunataka watoto waone ziwa na milima, ila uwezo wa kwenda nje ya nchi hatuna. Watu wanaitaja Mbamba Bay, ule mji wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tufikeje, na siku ngapi zinatosha? – Mama Watoto

Mama, barabara inayoanzia kwenu ndiyo inayoishia huko. Kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay ni takribani kilomita 820, na lami sasa imefika ziwani. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200, Masasi hadi Tunduru kama 190, Tunduru hadi Songea kama 260, Songea hadi Mbinga kama 100, na kipande cha mwisho, Mbinga hadi Mbamba Bay, kama 67. Wanaotoka Lindi wanaingia njia hii Mnazi Mmoja. Wa Nachingwea wanaikuta Masasi.

Kosa la wengi ni kutaka kuimaliza njia yote kwa siku moja. Basi la Songea linaondoka Mtwara alfajiri na kuingia Songea jioni. Saa hizo magari ya kushuka ziwani yamekwisha, na anayelazimisha huishia kukodi gari la mtu binafsi usiku kwa bei atakayotajiwa. Laleni Songea. Asubuhi nendeni Makumbusho ya Majimaji, watoto wataikuta huko habari ya kwetu: vita vilivyoanzia Umatumbi, Kilwa, Julai 1905, viliwafikia Wangoni, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi na wapiganaji wao hapo hapo Songea. Kaburi la halaiki lipo, na la Nduna (kiongozi wa Kingoni) Songea Mbano lipo peke yake. Saa mbili zinatosha kwa mtu mzima; kwa watoto wanaouliza, ziwe tatu. Kisha pandeni Coaster ya Mbinga.

Mkienda na gari lenu, kuna sehemu mbili za kuangalia. Kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakata ushoroba wa wanyama wanaopita baina ya pori la Selous na hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na tembo huvuka lami. Mpite hapo jua likiwa bado juu. Sehemu ya pili ni mteremko baada ya Mbinga. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini kidogo ya 500, na tofauti hiyo yote mnaishuka ndani ya kilomita zisizofika 70. Dereva aliyezoea tambarare za Mtwara hukanyaga breki tangu juu hadi chini; breki zinapata moto, zinanuka, kisha zinaacha kushika. Tieni gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na breki iwe ya kugusa na kuachia. Asubuhi za Juni huko juu kuna ukungu, hivyo ni heri kuondoka saa tatu kuliko saa kumi na mbili.

Msiupite mteremko huo mmelala. Kwenye miinuko ya Umatengo mtaona mashamba yenye vishimo vilivyojipanga kama sega la nyuki. Hizo ni ngoro. Mmatengo hufyeka majani, akayalaza kwa mistari inayokatana mpaka miraba itokee, kisha akachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Majani yanaoza kuwa mbolea chini ya tuta, na kishimo kinashika mvua isiteremke na udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mlima ambao ungebaki mwamba mtupu unalimwa vizazi kwa vizazi. Kwa macho yetu, hicho ndicho kivutio kikubwa cha njia nzima, na hakina kiingilio.

Siku saba zinatosha: moja ya kwenda Songea, ya pili makumbusho na kushuka, tatu ziwani, mbili za kurudi. Bebeni masweta kwa ajili ya Songea na Mbinga, kwani Juni baridi yake si ya mchezo. Ziwani mchana mtavaa nguo zenu za Mtwara. Pesa taslimu toeni Songea au Mbinga. Mawakala wa simu wapo Mbamba Bay, ila mwisho wa wiki wakala mdogo huishiwa, nanyi ni watu watano.

Shikamoo kwa wote mnaostahili. Mimi ni mzee wa Mikindani. Wajukuu wanakwenda huko, nami nataka niwape cha kutazama. Kuna majengo ya kale kama haya yetu? – Babu

Marahaba kutoka kwa wadogo haifai, Babu. Shikamoo ni yako. Majumba ya mawe na milango ya nakshi kama ya Mikindani wasiyatafute. Historia ya kule iko kwenye fukwe na makaburi, na sehemu yake kubwa ilipita mlangoni kwako.

David Livingstone alishukia Mikindani Machi 1866, akaingia bara Aprili kwa kufuata bonde la Ruvuma, akaliona ziwa Agosti. Miezi minne kwa miguu, njia ambayo wajukuu wataimaliza kwa siku mbili. Milima iliyosimama wima ufukweni, kaskazini ya Mbamba Bay, imebeba jina lake hadi leo. Jina la ziwa lenyewe tayari ni neno la wenyeji: kwa Kiyao nyasa ni ziwa, kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa mara mbili.

Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walioanza Masasi mwaka 1876 ndio hao hao waliofika ziwani. Chauncy Maples alifanya kazi Masasi na Newala kabla ya kuhamia upande wa Nyasa. Akawa askofu, na mwaka huo huo wa 1895 mashua yake ikapinduka kwenye dhoruba, akazama. Mwenzake, William Percival Johnson, alizunguka vijiji vya ziwa kwa zaidi ya miaka 40, akafariki Liuli mwaka 1928.

Hapo Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, wasipaache. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, bandari ya Sfinksi, kwa sababu ya mwamba wa majini uliofanana na sanamu ile ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, ikaifyatulia mizinga. Nahodha wa Kijerumani alipanda kimtumbwi akaenda kugomba, kwa kuwa habari kwamba vita vimeanza zilikuwa hazijamfikia. Akatekwa papo hapo. Wakisimama pale ufukweni, wajukuu wako watakuwa mahali palipotokea moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza barani Afrika.

Mimi ni mvuvi wa Msanga Mkuu, kuogelea ni kazi yangu. Ziwa lina jipya gani kwangu? – Kijana wa Pwani

Linalo, ndugu yetu. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo hayakubebi kama bahari. Mwili unazama zaidi na unachoka mapema. Hakuna kujaa na kupwa wala bamvua, kwa hiyo usingoje maji yatoke ndipo uuone mwamba ulioko chini. Maji hupanda na kushuka kwa msimu tu: juu kabisa mwisho wa masika, chini kabisa kabla ya mvua mpya. Penye mawe kina huanza ghafla, na katikati ziwa hili lina kina cha takribani mita 700.

Upepo unaoujua kama kusi, kule ni mwera. Huvuma zaidi Mei hadi Agosti, na unaweza kushika siku kadhaa mfululizo. Ziwa ni refu, zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini kwenda kaskazini, na wimbi lina nafasi ya kukua njia yote hiyo. Wenyeji wakiacha mitumbwi nchi kavu, nawe acha.

Midomo ya mito ina mamba, usioge hapo. Kichocho kipo pia: konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi. Oga penye mchanga au mawe yanayopigwa na mawimbi, usikae majini muda mrefu. Ukirudi, subiri wiki sita hadi nane ndipo ukapime. Ukipima mapema minyoo haijaanza kutaga, na kipimo kitakuambia huna. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kipimo cha uzito wako.

Chukua miwani ya kuzamia. Kwenye mawe utaona samaki wadogo wa buluu na njano, jamii ambazo nyingi hazipatikani popote duniani nje ya ziwa hili. Tazama jike lenye kidevu kilichovimba: limebeba mayai au vifaranga mdomoni.

Nafanya biashara ndogo Masasi. Nikinunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huko, nitajuaje ni mzuri? – Mama Lishe

Dada, vunja mmoja. Usipa mkavu unavunjika kwa mlio. Ukipinda, una maji bado. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Ukiona wa manjano au wekundu wenye harufu kali, mafuta yake yameshaharibika. Sugua kiganjani: mchanga ukibaki, ulianikwa chini, si kwenye chanja. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki, unavuta unyevu na kuota ukungu kabla ya Tunduru. Tumia gunia linalopitisha hewa. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa unapungua na bei inapanda. Nenda giza likiwa limekaa.

Naweza kuendelea kwa meli kutoka Mbamba Bay hadi Kyela? Na kuvuka Malawi je? – Msafiri, Lindi

Meli ya abiria ya upande wetu ni MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, na inapita vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone ambako barabara ni shida. Ratiba yake hubadilika kwa hali ya ziwa na matengenezo. Pigia simu ofisi ya bandari kabla hujaondoka Songea, na acha siku mbili za ziada mwishoni mwa safari. Kuvuka Malawi ni kuvuka mpaka: pasipoti au hati ya safari ya dharura uitafute Uhamiaji Lindi kabla ya safari, na upigiwe muhuri wa kutoka hata kama unakwenda kwa boti ya mtu.