Grupu la wamiliki: liwe la chama au la majirani?

SWALI

Shikamoo Bi Katibu. Nimechaguliwa mwenyekiti wa chama cha wamiliki wa nyumba kwenye makazi yetu, nyumba 84. Wanachama wanadai chama kifungue grupu rasmi la WhatsApp. Mweka hazina hataki hata kulisikia, anasema tutajitafutia kesi. Na tayari kuna grupu alilolianzisha mama mmoja wa nyumba za nyuma, lenye watu wengi kuliko wanaokuja mikutanoni. Tufungue letu, tulichukue la yule mama, au tuache mambo yalivyo?

Mwenyekiti ambaye simu yake hailali

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekuwa katibu wa chama kama chako kwa miaka saba, na minne kati ya hiyo nilikuwa admini wa grupu rasmi. Nililifungua mwenyewe kwa mbwembwe, nikalifunga mwenyewe usiku mmoja nikiwa nimechoka. Kwa hiyo usitarajie nipime mizani sawasawa hapa.

Fungueni, lakini liwe la matangazo tu. Soga waachieni majirani.

Tangu mwaka 2018 WhatsApp ina mpangilio unaowaacha maadmini peke yao waandike na wengine wasome. Uwasheni siku ileile ya kwanza, kabla watu hawajazoea kujibu, maana ukija kuuwasha baadaye utaitwa dikteta. Kesho maji yatakatika saa tatu hadi saa saba. Mkutano mkuu ni tarehe fulani. Muhtasari wa kikao kilichopita huu hapa. Basi.

Sasa nikueleze lililonifikisha huku. Jirani mmoja aliona bomba linavuja nyuma ya chumba cha pampu. Akaandika grupuni saa tano usiku. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu, pongezi na keki za kuchorwa zikamiminika zaidi ya mia, na ujumbe wa bomba ukazama chini. Maji yalivuja siku tatu. Fundi alipokuja, ukuta umeshalowa. Kwenye kikao jirani akasimama, simu mkononi: "Mimi niliripoti. Katibu ameona, tiki za bluu hizi hapa." Na kweli zilikuwepo. Nilikuwa nimefungua grupu, nikapitisha kidole, nikafunga. Ningemjibu nini? Grupu lina jina la chama, picha yake ni geti letu, na admini ni mimi. Aliyeandika pale aliamini amekiandikia chama, na alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Ndiyo sababu nasema kila tangazo limalizike na mstari mmoja unaosema hitilafu ziripotiwe wapi: namba moja ya simu au barua pepe moja, na mtu anayeziandika kwenye daftari na kuweka tarehe.

Kuhusu kesi, mweka hazina wako si mwoga wa bure. Wa kwetu alipandisha grupuni orodha ya wanaodaiwa ada. Nyumba moja kati ya hizo ilikuwa imeshalipa, risiti wanayo, yeye ndiye aliyesahau kuiingiza kitabuni. Tuliifuta orodha baada ya dakika ishirini hivi. Lakini skrinshoti haifutiki kwenye simu ya mtu mwingine, na yule mzee hakutusalimia tena mpaka alipouza nyumba. Deni ni la mwenye nyumba na ofisi, halipandishwi popote, hata kwenye grupu la matangazo.

Kisha kuna namba za simu. Ukimwingiza mtu grupuni, wote waliomo wanaiona namba yake. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, chini ya GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018, namba ya simu ni taarifa binafsi, na chama kinachoitunza kinawajibika nayo. Hata kama kwenu hakuna sheria ya namna hiyo, yupo mwanachama ambaye hataki jirani fulani aipate namba yake, na hatakuambia sababu. Muulizeni mtu kwanza ndipo mumwingize. Au tumieni kile kipengele cha WhatsApp kiitwacho Jumuiya (Communities), kilicholetwa mwaka 2022: kwenye sehemu yake ya matangazo, wanajumuiya wa kawaida hawaonyeshwi namba za wenzao. Asiye na simu ya kisasa abandikiwe tangazo ubaoni, na tangazo la ubaoni liwe neno kwa neno sawa na la simuni.

Kura, hapana kabisa! Tuliwahi kuuliza grupuni rangi ya geti, tukapata vidole gumba 37, tukanunua rangi. Kumbe kuna nyumba iliyopiga vidole vitatu, baba, mama na kijana wao, na wapangaji nao walipiga, ambao kikatiba hawana kura. Mkutano ukakosa akidi ya kuhalalisha lolote. Makopo ya rangi yalikaa stoo mpaka nikaondoka madarakani.

Grupu la yule mama msiliguse. Nenda kamwone kwake, wewe mwenyewe, siyo kwa ujumbe. Umwombe jambo moja tu: jina lisiwe na neno "chama" wala "rasmi". Huko watu watauziana makochi, watatafuta paka, watakusema. Wewe na kamati mkiwemo, mwe majirani tu. Ukiulizwa la ada humo, jibu, "Niletee ofisini." Ni vigumu, mimi nilishindwa mara nyingi, hasa nikisemwa vibaya na mtu ambaye nyasi zake ndizo ndefu kuliko za wote.

La mwisho, nalo lilinigharimu wiki mbili: grupu la matangazo lifunguliwe kwa laini ya chama, siyo yako. Mimi nilitumia yangu. Nilipomaliza muda wangu bado nilipigiwa alfajiri kuhusu geti lililokwama. Laini na simu yake viandikwe kwenye orodha ya mali za chama, pamoja na funguo za chumba cha pampu, na maadmini wawe wawili tangu mwanzo.