Mkuu, usipakie droni kwenye pikipiki ya umeme

Mkuu, sitisha malipo kwanza. Umesema unataka pikipiki sita za umeme na droni mbili hapo Mwanza, pikipiki zibebe droni, droni zirukie njiani kuvusha dawa ng'ambo ya ghuba, kisha zikutane na pikipiki mbele ya safari. Unauliza programu ya kupangia njia na bei ya betri za akiba. Mpango huohuo ulinimezea shilingi milioni 14.

Rubani aliirusha droni Luchelele, ikavuka na insulini kuelekea upande wa Sengerema. Pikipiki ikaondoka kuwahi wateja wawili, halafu ikaipokee droni Nyegezi. Kwenye ramani, dakika 18. Hakuna aliyehesabu mzigo, rubani aliyepakiwa nyuma, wala vilima. Chaji ikashuka, pikipiki ikaanza kutambaa. Droni ilifika Nyegezi ikakuta hakuna mtu, ikabaki inaelea hewani, betri inaisha, upepo wa ziwani unaisukuma. Ikatumbukia majini. Mvuvi aliniletea panga moja la droni, lile linalozunguka, limenasa kwenye kipande cha nyavu. Ninalo mpaka leo.

Yule mshauri aliyetuuzia mpango nilimuuliza mara mbili: pikipiki ikichelewa je? Akasema programu itajirekebisha yenyewe. Programu haikujua hata chaji iliyobaki kwenye pikipiki! Anachukua hela za watu na hajawahi kupanda kilima cha Isamilo na mzigo. Roho bado inaniuma.

Shika hili moja: droni na pikipiki zisisubiriane kamwe. Pikipiki ikichelewa inaegeshwa pembeni. Droni ikichelewa inaanguka. Tazama waliofanikiwa. Droni ya kampuni ya usafirishaji ya DHL ilipopeleka dawa Ukerewe mwaka 2018, kilomita 60 kwa dakika kama 40, iliruka kutoka kituo kwenda kituo. Rwanda, tangu 2016, kampuni ya droni ya Zipline wanarusha kutoka Muhanga, damu inashuka kwa parachuti, ndege inarudi ilikotoka. Hakuna pikipiki inayoikimbilia njiani.

Weka kituo kimoja ufukweni, chenye kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Pikipiki ishushe mzigo hapo iende zake. Droni itoke hapo, irudi hapo. Kinachosubiri kiwe mzigo kwenye rafu.

Na Ijumaa, muuzaji akitaka malipo ya awali, lipia pikipiki mbili tu. Zipandishe Isamilo wiki nzima zikiwa na mzigo kamili, na kila jioni andika chaji iliyobaki.