Traki nne za Lee Perry

SWALI: Shikamoo mzee. Natunga reggae ya roots na kutengeneza biti chumbani kwangu, Majengo, Dodoma. Nina kompyuta kuukuu na maikrofoni moja. Wenzangu wanasema nisijiite prodyuza mpaka ninunue vifaa. Nimesikia Lee "Scratch" Perry wa Jamaika alirekodi kwa traki nne tu. Ni kweli? Na mtu kama yule hula kwa utunzi au kwa uprodyuza?
– Kijana wa Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli tupu. Mwaka 1973 Perry alijenga studio nyumbani kwake Washington Gardens, Kingston, akaiita Black Ark. Mashine yake ilikuwa Teac ya traki nne, yaani njia nne tu za kurekodia sauti kwenye tepu, kila moja peke yake, wakati studio kubwa za London zilishafika traki 16 na 24. Wala hakuwa mgeni wa kazi: alianza kama kijana wa kutumwa kwa prodyuza Coxsone Dodd, na mwaka 1970 alikuwa ameshawatengenezea akina Bob Marley albamu ya Soul Rebels.

Nimekuwa fundi mitambo enzi za tepu, jasho lake nalijua. Ngoma, besi na gitaa zimeshakula traki tatu. Unazichanganya, unazihamishia ya nne, kisha unafuta zile tatu ili waimbaji wapate pa kukaa. Hapo hakuna kurudi nyuma. Besi ikizama, imezama. Mara ya kwanza kuhamisha kwaya, kinanda kiliwafunika kinamama wa sauti ya pili, ikabidi niwaite tena Jumamosi iliyofuata, na wawili walikuja na watoto mgongoni. Tangu siku hiyo nilijifunza kusikiliza kwanza, mkono baadaye.

Kila ukihamisha, tepu inaongeza mvumo. Perry hakuukimbia. Aliupitisha wimbo kwenye mashine ya mwangwi ya Roland Space Echo na kwenye feza, kifaa cha kuyumbisha sauti, ndiyo maana kazi zake zinasikika kama zinatokea chini ya maji.

Tafuta albamu ya Heart of the Congos ya 1977. Kundi la The Congos walikuwa Wajamaika wawili: Cedric Myton mwenye ile sauti nyembamba ya juu, na Roydel Johnson. Perry akasikia pengo chini yao, akamwingiza Watty Burnett mwenye sauti nene. Sikiliza albamu ile ukiwa na sauti ya Burnett masikioni, halafu jaribu kuiondoa kichwani: nyumba inabaki bila msingi. Hiyo ndiyo kazi ya prodyuza, na haiuzwi dukani. (Wakongo wa kweli nao walipita Black Ark, Seke Molenga na Kalo Kawongolo. Watafute pia.)

Sasa riziki. Wimbo wa Police and Thieves wa 1976 aliuimba Junior Murvin, lakini utunzi umeandikwa majina mawili, Murvin na Perry. Mwaka uliofuata kundi la The Clash wa Uingereza wakaurudia kwenye albamu yao ya kwanza, wakiwa na vyombo vyao na prodyuza wao. Uprodyuza wa Perry uliishia kwenye ile rekodi ya Murvin. Utunzi ukasafiri na wimbo. Mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya kutumia wimbo, hufuata jina la mtunzi, popote wimbo unapoimbwa.

Kwa hiyo, ukitunga na rafiki, kabla hajatoka chumbani humo, chukueni karatasi. Andikeni nani katunga maneno, nani melodia, kila mmoja ana fungu gani, mtie sahihi wote, kisha mkausajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Nimeona marafiki wa utotoni wakikosa salamu kwa ajili ya kiitikio kimoja.

Maikrofoni moja inakutosha kwa sasa. Wiki hii rekodi sauti tatu, moja baada ya nyingine, zihamishie traki moja, uzifute zile za awali kabisa, usiweke akiba. Ukimaliza nitumie nisikie besi imekaa wapi.