Jibu: Mayotte ni ya Komoro au ya Ufaransa?

Salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba ramani zako mbili zinagongana: moja inaiweka Mayotte, visiwa vya Bahari ya Hindi, ndani ya Komoro, nyingine inaiandika kuwa ya Ufaransa, nawe hujui uandike nini katika jedwali lako. Utata huohuo ulinikuta nilipokuwa nikiandaa somo la jiografia, na tangu hapo kitu cha kwanza ninachokitazama ni nani aliyeichapa ramani, kisha mwaka.

Katika kura ya Desemba 1974 kuhusu uhuru kutoka Ufaransa, watu wa visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali walichagua uhuru, lakini wengi wa Mayotte waliukataa. Kwa hiyo Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ilibaki Mayotte, ingawa Umoja wa Mataifa ulilaani jambo hilo. Kiutawala, Mayotte imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu Machi 2011, na fedha yake ni yuro. Komoro nayo haijaliachia dai lake: hesabu nyota za bendera yake, utakuta nne, moja ikiwa ya Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore.

Katika jedwali lako andika "inatawaliwa na Ufaransa, inadaiwa na Komoro". Tena usiichore kama kisiwa kimoja, kosa nililolifanya mimi: mji mkuu, Mamoudzou, uko kisiwa kikubwa, uwanja wa ndege uko kile kidogo, na baina yake watu huvuka kwa kivuko.