Maswali ya Wasomaji: Mkono Ukiota Upya, Chakula Analipa Nani?

Barua nyingi zilizotufikia zinawahusu Wolverine na Deadpool, mashujaa wa katuni za Marvel ambao wakipigwa risasi au kukatwa kiungo hupona papo hapo. Tumezijibu kwa biolojia ya kweli, hata pale inapoharibu utamu.

Deadpool akikatwa mkono huota mwingine. Nyama inatoka wapi, mbona simwoni akila? (Msomaji, Morogoro)

Haina pa kutoka ila sahanini au mwilini mwake mwenyewe. Tupige hesabu. Mkono mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole, ni kama asilimia 5 ya uzito wa mtu. Kwa mwanamume wa kilo 80 hizo ni kilo 4. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo aanze kwa kunywa lita 2.5 au 3. Protini ni kama moja ya tano, yaani gramu 800. Maharage makavu yana gramu 21 hivi za protini katika kila gramu 100, basi anahitaji karibu kilo 4 za maharage, zikipimwa kabla hazijaingia sufuriani. Kama hapendi maharage, mayai 125 yanatosha.

Mifupa nayo ina deni lake. Mwili wa mtu mzima una karibu kilo 1 ya kalsiamu. Tukiukadiria mkono mmoja kwa asilimia 5 tu, ni gramu 50, na lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 1.2. Hizo ni zaidi ya lita 40 za maziwa.

Asipokula, mwili utajila wenyewe. Hili si la katuni. Mgonjwa aliyeungua zaidi ya asilimia 40 ya mwili anaweza kutumia nishati karibu mara mbili ya kawaida akiwa amelala tu kitandani, na mapaja hukonda hata akilishwa vizuri, kwa kuwa misuli inavunjwa ili ngozi ipate malighafi.

Lakini kikwazo kinachosahaulika zaidi ni joto. Kila kipande kimoja kinachoongezwa kwenye mnyororo wa protini hugharimu molekuli zisizopungua 4 za ATP, ile sarafu ya nishati ya seli. Kwa gramu 800 za protini hesabu inafika kilokalori 700 hivi, na karibu zote huishia kuwa joto. Kilokalori 700 zikimwagwa kwa mkupuo ndani ya mwili wa kilo 80 huupandisha nyuzi 10: kutoka 37 hadi 47. Mtu hafiki 47 akiwa hai. Njia ya kupoa ni jasho. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoa kilokalori 580, na mtu anayevuja jasho sana hutoa lita 1 hadi 2 kwa saa. Kwa hiyo hata ukimpa Deadpool kila kitu kingine bure, mkono ulioota chini ya nusu saa utampika mwenyewe.

Kwa nini Wolverine ajifunge jeraha kwa sekunde na mimi nikae wiki mbili na nyuzi? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu seli yako hainakili ovyo DNA yake, yaani maandishi yake ya urithi. Ina herufi zaidi ya bilioni 6 za kunakili, na mashine moja ya kunakili huenda kwa herufi kama 50 kwa sekunde. Maelfu ya mashine hufanya kazi kwa pamoja, na bado inachukua kama saa 8. Mzunguko mzima wa seli moja kuwa mbili ni karibu siku nzima. Kiinitete cha nzi wa matunda hugawanya viini vyake kila dakika 8 hadi 10, lakini mama yake amekwisha kulijaza yai kila kitu kinachohitajika, na ukaguzi wa makosa umewekwa kando kwanza. Mtu mzima akifanya hivyo hatafurahia matokeo, kama tutakavyoona.

Kidonda chako hupitia hatua nne zinazoingiliana. Damu huganda kwa dakika. Seli nyeupe huja kusafisha kwa siku za mwanzo. Kisha tishu mpya hujaza pengo kwa wiki mbili tatu, na mwisho kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, hupangwa upya kwa mwaka au zaidi. Ngozi iliyoshonwa, baada ya wiki moja, ina nguvu isiyofika asilimia 10 ya ile ya awali. Baada ya miezi 3 hufika kama asilimia 80, na hapo ndipo inapoishia maisha yote. Ndiyo maana ukitoka chumba cha upasuaji wa tumbo unakatazwa kubeba ndoo ya maji hata kama kovu kwa nje linaonekana limekauka vizuri.

Tena kovu ni kazi isiyokwisha. Kolajeni hubomolewa na kujengwa kila siku, na ujenzi unahitaji vitamini C. Katika safari ya meli za Mwingereza George Anson, miaka ya 1740, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo ulimpata baharia aliyejeruhiwa vitani miaka 50 nyuma. Kovu lake likafunguka. Pera moja kwa siku lingetosha.

Na damu je? Mtu ana kama lita 5. Tuseme shujaa amevuja 2, kiasi ambacho wengi wetu hatuponi tusipoongezewa. Humo mna seli nyekundu kama trilioni 10. Uboho, tishu laini iliyo ndani ya mifupa, hutengeneza kama milioni 2 kila sekunde. Gawanya: ni siku 58. Ukibanwa, uboho huweza kuongeza kasi mara kadhaa, lakini utahitaji pia gramu 1 ya madini ya chuma, na utumbo kwa kawaida hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku.

Mjusi wa ukutani huotesha mkia. Sisi tumenyimwa kwa nini? (Msomaji, Tanga)

Mtazame mjusi huyo kwa karibu. Mkia mpya ni mfupi, rangi yake haifanani na ya mwili, na ndani hauna pingili za uti wa mgongo bali bomba moja la gegedu, tishu ngumu inayopindika kama ya sikio. Ni kiraka kizuri, si nakala.

Anayenakili kweli ni aksoloti, mnyama wa majini jamii ya salamanda, wa Xochimilco, Meksiko. Akikatwa mguu, ngozi huufunika mkato kwa siku moja hivi, kisha chini yake hujikusanya kifundo cha seli kiitwacho blastema, na mguu kamili wenye mifupa, misuli na vidole hutoka humo. Kwa mdogo huchukua wiki kadhaa, kwa mkubwa miezi. Masharti ni magumu: ukiondoa mishipa ya fahamu kwenye kigutu, mguu hauoti. Ukiua makrofaji, seli za usafi wa kidonda, unapata kovu badala ya mguu.

Wa karibu na sisi yuko Laikipia, Kenya. Panya wa jamii ya Acomys, mwenye manyoya magumu kama miiba, akishikwa huacha ngozi mkononi mwa mshikaji na kukimbia. Ngozi yake ni dhaifu kama mara 20 kuliko ya panya wa nyumbani. Mwaka 2012 mwanabiolojia Ashley Seifert na wenzake walionyesha kuwa anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, kisha akaiotesha tena pamoja na vinyweleo, na tundu la milimita 4 kwenye sikio hujaa tena pamoja na gegedu. Naye ni mamalia kama wewe. Sisi tulirithi njia ya haraka: funga tundu kabla vijidudu havijaingia, sura baadaye.

Mkono mpya wa shujaa utashika upanga mara moja? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Mshipa wa fahamu hukua kama milimita 1 kwa siku. Kutoka begani hadi vidoleni ni milimita 700, karibu miaka miwili. Kwa binadamu halisi tatizo ni baya zaidi: msuli uliokaa bila mshipa wa fahamu kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hudhoofu kiasi cha kutokubali tena amri. Kwa hiyo madaktari hukimbilia kuunga mshipa mapema.

Mtu anayepona haraka hivyo si angepata saratani? (Msomaji, Zanzibar)

Angepata, na kwa maoni yetu hapa Deadpool ameandikwa kwa ukweli kuliko wote. Kwenye katuni alikuwa na saratani kabla ya kupewa uwezo huo, na uwezo ukaziponya seli za saratani pamoja na nzima. Matokeo ni ile ngozi yake iliyojaa makovu.

Kila seli ikigawanyika huacha makosa machache katika DNA. Ili makosa yasirundikane, seli zetu zimewekewa kikomo. Mwanabiolojia Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kuwa seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 kisha husimama, na baadaye ikajulikana kuwa ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA), ziitwazo telomia, hufupika kila mara. Anayetaka kupona milele lazima awashe kimeng'enya cha kuzirefusha. Saratani 85 hadi 90 katika kila 100 zimekiwasha hichohicho.

Mwaka 1986 mwanapatholojia Harold Dvorak aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona, kwa kuwa huita mishipa ya damu na tishu za kuujaza kwa ishara zilezile. Tahadhari ya kweli: kovu la moto la zamani linalofunguka tena, au kidonda cha mguu cha miaka chenye kingo zinazoinuka, kipelekwe hospitali kikatwe kipande kipimwe. Saratani ya namna hiyo inajulikana na hukatwa ikiwahiwa.

Mifupa ya Wolverine imepakwa chuma. Kuna shida? (Msomaji, Mombasa)

Damu huingia na kutoka kwenye mfupa kwa vitundu. Ukiviziba, seli za uboho hazitoki. Zitaanza kwisha seli nyeupe zinazopigana na bakteria, ambazo nyingi huishi siku moja hivi. Zitafuata chembe za kugandisha damu, siku 8 hadi 10, na mwisho seli nyekundu, siku 120. Fundi aache matundu.

Na kichwa kikiota upya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kumbukumbu zimo katika jinsi seli za ubongo zilivyounganishwa. Ubongo mpya ni wa mtoto mchanga: utafundishwa kutembea, kula na kuitika jina.

Je, kuna kiungo chochote cha mtu kinachoota? (Mama wa watoto watatu, Kisumu)

Ini, kwa namna yake: aliyetoa zaidi ya nusu hurudishiwa sehemu kubwa ya ujazo ndani ya miezi michache, ingawa kipande kilichokatwa hakirudi, bali kilichobaki hunenepa.

Na ncha ya kidole cha mtoto. Mwaka 1974, mwaka uleule Wolverine alipotokea katunini, daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, alieleza watoto ambao ncha zao, zilizokatika mbele ya kiungo cha mwisho cha kidole, ziliota tena na kucha yake zilipofungwa bandeji tu bila kushonwa. Shina la kucha likiwa limetoka lote, matumaini ni madogo.

Mlango ukimkata mwanao, osha kwa maji safi yanayotiririka, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, inua mkono juu ya moyo. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Kipande kilichokatika kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko uwekwe kwenye maji yenye barafu, maana barafu ikikigusa moja kwa moja hukiua. Nenda navyo hospitali, mfupa upigwe picha na chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Bandeji isiyonata ikitunza unyevu, subiri miezi 2 hadi 3.