Lala ziwani, mjini upitie tu

Umeuliza ulaze gari-nyumba kwenye bustani ya kando ya ziwa au kwenye mji mdogo wa jirani. Nakushauri ulale ziwani, ila ufike kabla jua halijazama. Ardhi ya ufukweni hudanganya: juu nyasi kavu, chini tope. Shuka kwanza, ikanyage kwa kisigino. Kikizama, tafuta penye changarawe. Kisha sawazisha gari, hasa kama friji yako ni ya gesi, maana gari likiinama haipozi vizuri na inaweza kuharibika. Mjini upitie mapema, ujaze maji na gesi. Na tafadhali sana, tangi la choo usilimwage karibu na ziwa. Watoto wanaogelea pale.